Barua pepe kwa anayeanza: kutoka sanduku la shule mpaka simu ya mkononi

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Nyamira. Siku moja mjomba wangu alipanda matatu kutoka Tabaka hadi mjini Kisii, akapanda nyingine mpaka kwetu karibu na Kebirigo, simu yake mpya ikiwa mfukoni. Chai ilikuwa bado haijamiminwa alipoanza: "Mpwa wangu, si wewe ndiye unayeandika hizi programu? Nifundishe barua pepe tangu mwanzo, usiruke hatua. Nimechoka kuwa mzee wa kusomewa."

Mjomba amesoma, msidhani vingine. Amechonga mawe ya sabuni ya Tabaka tangu ujana wake, viboko, bakuli, seti za sataranji, na kila gazeti linalofungiwa nyama husoma kabla ya kulitupa. Lakini kwenye barua pepe amekuwa akisomewa na kuandikiwa kwa miaka 20, na kuna mwaka jambo hilo lilimuumiza sana. Kisa chake nitakisimulia mbele kidogo. Kwanza niwaandikie yale niliyomweleza siku ile, maana najua wako wengi kama yeye, na wengine ni vijana wenye simu nzuri kuliko yangu.

Nilimfundisha kwa njia ya historia. Nimejifunza katika kazi yangu kwamba ukimpa mtu orodha ya vitufe vya kubonyeza, siku vitufe vikihamishwa amepotea. Ukimweleza kila kitu kilitoka wapi na kwa nini kikawa hivyo, atakitambua hata kikivaa nguo nyingine. Haya, tuanze.

Sanduku la shule

Miaka ya 1980 na 1990, familia nyingi za vijijini huku Gusii hazikuwa na sanduku la posta. Barua zilipitia sanduku la shule au la kanisa. Bahasha iliandikwa jina la baba, chini yake "kwa mkono wa" mtoto fulani wa darasa la 6, kisha jina la shule, S.L.P. kadha wa kadha, Nyamira. Mwalimu mkuu alikwenda mjini na ufunguo, akarudi na furushi, na asubuhi kwenye paredi majina yakasomwa mbele ya shule nzima. Ulikimbia na bahasha nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Angalia mambo matatu hapo. La kwanza, anuani ilikuwa na sehemu mbili: jina la mtu na mahali sanduku lilipo. La pili, barua haikuja yenyewe mpaka mlangoni, ilikaa sandukuni ikisubiri mtu aende kuichukua. La tatu, aliyeshika ufunguo hakuwa mwenye barua.

Kwa kawaida mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu walimu wengi walikuwa watu waaminifu. Hata hivyo kila kijiji kilikuwa na kisa cha barua ya kuitwa kazini iliyofika wiki mbili baada ya siku ya mahojiano. Hakuna aliyeiba, ilikaa tu kwenye droo. Yashike mambo hayo matatu, ndugu msomaji, kwa sababu barua pepe imejengwa juu yake.

Ile a iliyozungushiwa duara

Mwaka 1965, katika chuo cha MIT huko Marekani, vijana wawili, Tom Van Vleck na Noel Morris, waliandika programu iliyoitwa MAIL. Enzi hizo kompyuta ilikuwa moja kubwa ya kuchangiwa na watu wengi, na programu hiyo ilimwezesha mtumiaji mmoja kumwachia mwenzake ujumbe ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Ni kama walimu wanaoachiana vikaratasi katika ofisi moja. Karatasi haitoki nje ya mlango.

Aliyeutoa ujumbe nje ya mlango ni mhandisi Ray Tomlinson, mwishoni mwa mwaka 1971. Alifanya kazi katika kampuni ya BBN, mjini Cambridge, Massachusetts, ambayo ilijenga mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti ya leo. Alikuwa na kompyuta mbili zilizokaa karibu karibu, lakini njia pekee ya kuziunganisha ilikuwa huo mtandao. Akatuma ujumbe kutoka moja kwenda nyingine. Baadaye alipoulizwa ujumbe wa kwanza ulisema nini, alijibu kwamba hakumbuki, huenda ilikuwa tu herufi za mstari wa juu wa kibodi.

Tomlinson alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta. Akachagua @, kwa sababu haikuwa inatumika katika jina la mtu yeyote. Sisi tulikuwa tukiijua alama hiyo kwa njia nyingine: kwenye risiti za duka na daftari za wauza ndizi wa Daraja Mbili, mikungu 4 @ 250, yaani kila mmoja kwa bei hiyo. Katika barua pepe maana yake ni "aliye katika". Kushoto ni jina la mtu, kulia ni mahali sanduku lake lilipo. Mwalimu mkuu angeielewa mara moja.

Majina ya mahali tunayoyaona upande wa kulia, yenye nukta, yalikuja na mfumo wa majina uliobuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris. Jina la Kenya, lile la kuishia na .ke, lilisajiliwa mwaka 1993.

Hapa nimkumbushe anayeanza makosa mawili. Anuani ya barua pepe haina www mbele yake, hiyo ni ya tovuti. Na haina nafasi katikati. Herufi moja ikikosewa barua itarudi, au mbaya zaidi, itaingia katika sanduku la mtu mwingine.

Barua inavyosafiri

Mwaka 1982 Jonathan Postel aliandika kanuni inayoitwa SMTP, ambayo ni itifaki, yaani lugha ya makubaliano ambayo kompyuta hutumia kupokezana barua. Hata leo, ukibonyeza "tuma", seva za dunia nzima huongea lugha hiyo. Nikiyaweka mazungumzo yao kwa Kiswahili ni hivi:

- Hodi, mimi ni seva fulani.
- Karibu.
- Nina barua kutoka kwa huyu.
- Sawa.
- Inakwenda kwa huyu.
- Sawa, sanduku lake liko hapa.
- Maneno yake ndiyo haya.
- Nimepokea.

Basi. Hakuna uchawi zaidi ya huo. Seva ya upande wa pili ikiwa imezimika, ya kwanza hushika barua na kujaribu tena na tena kwa siku kadhaa kabla ya kukata tamaa na kumrudishia mtumaji taarifa. Lakini seva ikisema "nimepokea", kazi ya posta imeisha. Kama mwenye sanduku hafungui, mtumaji hatajulishwa chochote. Kumbuka hilo tutakapofika kwa mjomba.

Kuna jambo jingine la kuangalia katika mazungumzo hayo. Seva inaposema "barua kutoka kwa huyu", kanuni ya 1982 haikuwa na njia ya kuhakikisha kwamba kweli ni huyu. Watu wa mtandao ule walikuwa watafiti wachache, wengi wakifahamiana, na hakuna aliyeona haja ya kuulizana vitambulisho. Ni kama nyuma ya bahasha, mtu anaweza kuandika jina lolote analotaka.

Kuichukua barua sandukuni kuna kanuni zake pia. POP ya mwaka 1984 huchukua barua na kuzipeleka kwenye kompyuta yako, kama baba aliyerudi na bahasha nyumbani. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, inakuacha usome barua zikiwa bado posta. Simu za leo hufanya kazi kwa mtindo huo wa pili, ndiyo maana ukiibiwa simu kwenye stendi ya Kisii barua zako hazijapotea. Ziko sandukuni. Swali ni kama ufunguo unao.

Nairobi, miaka ya 1990

Barua pepe ilifika Kenya kabla ya intaneti yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika na watafiti jijini Nairobi walitumia huduma kama NGONET, iliyokuwa chini ya kituo cha mazingira cha ELCI. Ilitumia teknolojia ya FidoNet, iliyobuniwa na Mmarekani Tom Jennings mwaka 1984. Kompyuta zilikusanya barua, zikapigiana simu kwa nyakati maalum, zikapokezana furushi, kisha zikakata simu. Ni kama kondakta wa matatu anayebeba bahasha za njiani: barua yako inasubiri gari lijalo.

Intaneti kamili ililetwa mwaka 1995 na ARCC, kituo kilichoongozwa na Dkt. Shem Ochuodho. Kampuni za biashara zikafuata, mojawapo Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Lakini njia ya kwenda nje ya nchi ilishikwa na shirika moja la serikali, KPTC, ambalo mwaka 1999 liligawanywa, simu zikaenda Telkom Kenya na barua zikabaki Posta. Kwa mtu wa Kisii, kilomita 300 hivi kutoka Nairobi, kuunganisha modemu na mtoa huduma aliye mji mwingine kulikuwa ni kupiga simu ya mbali. Kila dakika uliyosoma barua ilihesabiwa kama dakika ya kuongea.

Kuna kioja kingine ambacho mjomba alikicheka mpaka akaweka kikombe chini. Miaka hiyo, mteja wa kampuni moja ya Nairobi akimwandikia mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi, ambaye huenda yuko ng'ambo ya barabara, barua ilipanda hadi setilaiti, ikaenda Marekani au Ulaya, kisha ikarudi kwa setilaiti. Kampuni hazikuwa na mahali pa kukutana hapa nyumbani. Zilipojenga mahali hapo, KIXP, Novemba 2000, Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake imeingiliwa, na baada ya wiki chache tu mdhibiti wa mawasiliano akaamuru pafungwe. Palifunguliwa tena Februari 2002 baada ya kupewa leseni. Tangu hapo barua za Wakenya kwa Wakenya zikaweza kukaa nyumbani.

Saiba zinafika Kisii

Lakini kilichowapa barua pepe watu wasio na kompyuta ni kitu kingine. Julai 4, 1996, Sabeer Bhatia na Jack Smith walizindua Hotmail huko California. Kabla ya hapo anuani yako ilitoka kwa mwajiri wako, chuo chako, au kampuni uliyoilipia intaneti, na mara nyingi ulisomea barua kwenye mashine yako mwenyewe. Hotmail ilikuwa ya bure, na ilifunguliwa ndani ya tovuti, kwenye kompyuta yoyote duniani. Mwaka uliofuata Yahoo ikatoa ya kwake, na Microsoft ikainunua Hotmail.

Fikiria maana yake kwa mtu wa Nyansiongo au Keroka. Hakuhitaji kununua kompyuta. Alihitaji nauli ya matatu na dakika kadhaa za kulipia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 saiba zilichipuka Kisii mjini kama maduka ya vipuri: chumba cha ghorofani, kompyuta 6 au 8, pazia za kugawanya, na saa ya ukutani ambayo kila mtu aliiangalia kwa wasiwasi. Umeme ukikatika ulipoteza barua yote uliyokuwa umeandika, kwa hiyo wajanja walikuja wameiandika kwanza kwenye karatasi ya daftari.

Wengi walikuja kwa ajili ya watoto waliokwenda ng'ambo. Abagusii wengi wamehamia Marekani, hasa jimbo la Minnesota. Pia kulikuwa na bahati nasibu ya viza, maarufu kama Green Card. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 2003 Marekani iliacha kupokea maombi ya karatasi, yakawa ya mtandaoni pekee. Watu ambao hawakuwahi kugusa kipanya walijipanga kwenye ngazi za saiba wakiwa na picha zao za pasipoti.

Sasa nani aliwafungulia anuani? Mhudumu wa saiba. Mzee alileta karatasi yake, mhudumu akapiga chapa, akatuma, na jibu likija akalisoma kwa sauti. Zamani kulikuwa na waandishi wa barua waliokaa nje ya posta na mashine zao, huyu alikuwa mjukuu wao. Kuna tofauti moja tu. Mwandishi wa posta alimaliza barua akakupa. Mhudumu wa saiba alibaki na ufunguo wa sanduku.

Mkasa wa mjomba

Mwaka 2004 mjomba alipata mnunuzi wa mawe kutoka Ujerumani, mama mmoja mwenye duka dogo. Alipita Tabaka, akapenda kazi, akaomba anuani ya barua pepe. Mjomba akashuka mjini, na katika saiba moja mhudumu akamfungulia sanduku, akamtungia neno la siri, akaliandika kwenye daftari lake pamoja na ya wateja wengine. Mjomba akachapisha kadi 300 zenye anuani ile. Kila Jumamosi alikwenda, akasomewa, akajibu kwa mdomo. Picha za mawe mhudumu alizituma kama viambatisho, jambo ambalo Nathaniel Borenstein na Ned Freed waliliwezesha mwaka 1992 kwa kanuni yao ya MIME. Kabla ya hapo barua pepe ilibeba maandishi matupu.

Mambo yakaenda vizuri kwa miaka miwili. Mwaka 2006 mhudumu akapata kazi Nairobi akaondoka na daftari lake. Saiba ikabadilisha mwenyewe. Mjomba alipokwenda, kijana mpya akamuuliza neno la siri. Hakulijua. Akaulizwa swali la siri, lile la kukukomboa ukisahau, jibu lake ni nini. Mhudumu wa kwanza alikuwa ameandika herufi ovyo ili amalize haraka. Tulimtafuta kwa simu, tukampata, na hakuwa mwizi wala mtu mbaya. Daftari lilikuwa limelowa mvua akalitupa. Alituomba msamaha kwa kweli.

Januari ikaja bahasha ya karatasi kupitia sanduku la shule. Yule mama wa Ujerumani aliandika kwamba ametuma barua pepe mara nne tangu Agosti. Alitaka seti 60 za sataranji na bakuli 200 kwa ajili ya Krismasi. Hakuna barua hata moja iliyomrudia, kwa hiyo aliamini zimefika. Na ni kweli, zilifika! Seva ilisema "nimepokea". Zilikaa sandukuni kimya, na yeye mwishowe akanunua kwa mtu mwingine, nchi nyingine. Wachongaji wanne waliomtegemea mjomba walipita msimu ule bila kazi, na binamu yangu aliyekuwa kidato cha pili alikaa nyumbani muhula mzima wa kwanza.

Mimi nilikuwa chuoni wakati huo, najisifu kwamba najua kompyuta. Hakuna siku niliyowahi kumwuliza mjomba ufunguo wake uko wapi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Barua za uongo

Barua taka ya kwanza inayojulikana ilitumwa Mei 1978 na Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya DEC, kwa watu wapatao 400 wa ARPANET. Alikuwa anatangaza kompyuta, na watu walikasirika. Alikuwa mstaarabu ukimlinganisha na waliokuja baadaye.

Unakumbuka kwamba kanuni ya 1982 haikagui jina la mtumaji? Matapeli waliliona hilo. Hapa kwetu wengi walipokea barua za "hongera, umeshinda Green Card, tuma dola kadhaa kwa jina hili." Ukweli ni kwamba serikali ya Marekani haiwajulishi washindi kwa barua pepe. Hata maombi yalipohamia mtandaoni, walioteuliwa waliendelea kwa miaka kadhaa kupata barua ya karatasi, na siku hizi mwombaji huangalia mwenyewe kwenye tovuti rasmi kwa nambari yake. Kinga zimeongezwa tangu miaka ya 2000, mihuri ya siri ambayo seva hukaguana, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinazidai kwa wale wanaotuma barua kwa wingi. Lakini muhuri unathibitisha tu posta iliyotuma. Hauthibitishi kwamba mtumaji ni mtu mwema. Barua ikikuharakisha na ikitaja pesa, weka simu mezani kwanza, unywe maji.

Leo hali ikoje?

Ungedhani mkasa wa mjomba ni wa zamani. Mwaka 2009 nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, intaneti ikashuka bei, simu zikachukua nafasi ya saiba nyingi, na salamu zikahamia WhatsApp. Wengine wakasema barua pepe imekufa. Haikufa, ilihamia ofisini. KRA ilipopeleka ulipaji kodi kwenye iTax, ilitaka anuani ya barua pepe. Wanafunzi wa HELB vivyo hivyo. Ukisahau neno la siri la huduma nyingi za leo, njia ya kurudi ndani hutumwa kwenye barua pepe yako. Kwa hiyo ufunguo wa sanduku hilo ni ufunguo wa nyumba nyingi.

Na nani anawafungulia watu? Ni yule yule, amehama tu. Ukinunua simu ya Android, ili upate programu unahitaji akaunti ya Google, na akaunti hiyo huja na anuani ya Gmail. Kijana wa duka la simu anakufungulia dakika tano, anatunga neno la siri, anaandika laini yake mwenyewe kwenye nafasi ya kukuokoa. Unatoka dukani una anuani ambayo hata hujui jinsi inavyoandikwa. Simu ya mjomba ilikuwa hivyo hivyo. Miaka 20, na tuko pale pale kwenye droo ya mwalimu mkuu.

Basi hivi ndivyo nilivyomwambia mjomba afanye, nawe fanya hivyo.

1. Fungua anuani mwenyewe, kwa vidole vyako, hata ikichukua saa nzima. Msaidizi aongee, asiguse.

2. Tunga neno la siri refu, maneno manne au matano yasiyohusiana. Ya Ekegusii yanafaa sana. Liandike kwenye karatasi na uliweke mahali unapoweka hati ya shamba. Ni salama zaidi kuliko daftari la mtu mwingine.

3. Nafasi ya nambari ya kukuokoa iwe ya laini yako, ambayo unaitumia. Laini iliyoachwa muda mrefu kampuni ya simu huweza kumpa mtu mwingine.

4. Jua nafasi za barua. "Kwa" ni anayeandikiwa. "Nakala" ni wa kujulishwa tu, jina lililotokana na karatasi ya kaboni ya mashine za chapa, kama zile za ofisi ya chifu. "Nakala fiche" ni wa kujulishwa bila wengine kumwona. "Mada" ni kichwa cha barua, usikiache wazi. "Kiambatisho" ni picha au hati inayobebwa na barua.

5. Ukitumia kompyuta ya saiba, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Kufunga dirisha si kutoka.

6. Fungua sanduku angalau mara moja kwa wiki. Hotmail ya miaka ile ilifuta barua za mtu asiyeingia kwa siku 30. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2.

Mjomba alichukua saa moja na nusu. Kidole kimoja, miwani puani, chai ikapoa. Barua yake ya kwanza aliniandikia mimi niliyekaa naye kwenye benchi moja. Simu yangu ikalia. Mada: Nimeandika mwenyewe.

Kisha akatoa mfukoni kadi ya zamani, ya yule mama wa Ujerumani, na kabla sijasema neno akaanza kuichapa anuani yake. Aliandika mistari mitatu ya salamu na kueleza kilichotokea mwaka ule. Akabonyeza tuma. Haikupita dakika, barua ikarudi: anuani haipo. Nilimweleza kwamba sanduku hilo limefungwa, na seva imemrudishia taarifa ili ajue.

Aliitazama kwa muda. "Yangu angalau imerudi," akasema. "Zake zilikaa tu."

Ndugu msomaji, sikuwa na la kumjibu. Kama una mzazi au mjomba mwenye simu mezani, muulize leo neno la siri lake linajulikana na nani. Akisema "kijana wa duka", vuta kiti ukae naye.

Tuonane wakati mwingine, panapo majaliwa.